Makerezo ya Mtumba Mpanda: Historia ya Mashine za Kuchonga Chuma Katavi

Kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kilichofungwa imara kikikikata mpaka kipate umbo la mviringo. Kwa kerezo fundi huchonga shafti, bushi, puli, pini na boliti, na hukata nyuzi za skrubu. Karibu kila sehemu ya mtambo inayozunguka imewahi kupita kwenye kerezo. Katika karakana ndogo za Tanzania, hasa za mikoa ya pembezoni kama Katavi, mashine hii kwa kawaida huwa imeshatumika kwingine kabla ya kumfikia fundi aliye nayo. Kwa Mpanda sababu kubwa ni umbali. Mji ulikua kwa ajili ya mgodi, mwisho wa tawi la reli, mbali na bandari na mbali na maduka ya vipuri. Kipuri kipya kilichukua siku nyingi njiani au hakikupatikana kabisa, na mashine kuukuu yenye uwezo wa kukichonga ikapata thamani ambayo mijini ilikuwa imeshaipoteza.

Chuma kabla ya kerezo

Ufundi wa chuma katika nchi hii ni wa kale kuliko mashine. Kusini mwa Katavi, kwenye nyanda za juu za Ufipa, wayeyushaji walijenga tanuri za udongo zenye kimo cha takriban mita 3, zilizoitwa malungu. Tanuri hizo hazikupulizwa kwa mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini na kupanda kwa nguvu ya joto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina takataka nyingi, kwa hiyo kilisafishwa kwenye tanuri ndogo iliyoitwa kintengwe, ambayo ndiyo iliyopulizwa kwa mivukuto, kisha kikaenda kwa mhunzi kufuliwa majembe, mashoka na mikuki.

Uyeyushaji huo ulififia na kukoma katika karne ya 20, majembe ya kiwandani yalipojaa madukani kwa bei nafuu. Uhunzi wenyewe haukufa. Wahunzi waliacha kuyeyusha mawe ya chuma wakageukia chuma chakavu, hasa springi za magari, ambazo ni chuma cha pua kizuri kwa visu na majembe.

Hata hivyo kuna kazi ambazo nyundo na fuawe haziziwezi. Jembe likizidi unene kwa milimita moja litalima vilevile. Shafti inayoingia kwenye beringi ikipungua kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, beringi itacheza, itapata moto na kuvunjika. Usahihi wa namna hiyo ulianza kuwa jambo la kawaida viwandani baada ya Henry Maudslay wa London kutengeneza, karibu na mwaka 1800, kerezo la chuma ambalo kisu chake kilisukumwa na skrubu ndefu badala ya kushikwa kwa mkono. Makerezo ya karne moja na nusu iliyofuata, yakiwemo yaliyokuja Afrika Mashariki, yalifuata mpango huohuo.

Reli, karanga na mgodi

Mashine za kuchonga chuma ziliingia magharibi mwa Tanzania kwa njia ya reli. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Injini ya mvuke haiwezi kutunzwa bila karakana, na kila kituo kikubwa kilihitaji mahali pa kuchonga bushi na pini na kunyoosha magurudumu yaliyolika. Huko Kigoma kazi ilikuwa kubwa zaidi. Meli ya Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa masanduku na kuunganishwa upya ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ikashuka majini mwaka 1915. Meli hiyo ndiyo Liemba ya baadaye.

Mpanda haikuwa kwenye njia hiyo. Eneo lake lilikuwa misitu ya miombo ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe, na kilichobadilisha hali yake ni madini. Risasi iligunduliwa hapo katika miaka ya 1930, ikiwa imechanganyika na fedha, shaba na dhahabu. Kuisafirisha ndilo lililokuwa tatizo, kwa sababu mali nzito yenye bei ndogo kwa kila kilo haivumilii safari ndefu ya barabara ya vumbi. Bei ya risasi ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilianza uchimbaji mkubwa katika mgodi wa Mukwamba, na tawi la reli likajengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, likivuka Mto Ugalla. Tawi lilifunguliwa mwaka 1950. Kutoka hapo hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa reli.

Mgodi wa aina hiyo huwa na mashine za kuvunja mawe, vinu vya kusagia, pampu, kompresa na majenereta, na vyote hulika kwa mawe, maji na vumbi. Kampuni iliyoko mbali kiasi hicho haikuweza kusimamisha kazi kila shafti ilipokatika ikisubiri meli kutoka Uingereza. Ndiyo maana katika migodi ya enzi hizo kerezo lilihesabiwa sambamba na jenereta miongoni mwa vitu vya kwanza kusimikwa.

Makoloni ya Kiingereza yalinunua mashine zaidi kutoka Uingereza. Majina yaliyoenea ni Colchester, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1887; Dean, Smith & Grace ya Keighley; Harrison ya Heckmondwike; na John Lang ya Johnstone, Uskoti. Wakati wa vita viwanda hivyo vilitengeneza makerezo kwa wingi ili yachonge mizinga na injini za ndege. Vita vilipokwisha, serikali ya Uingereza iliuza shehena kubwa ya mashine za ziada. Hivyo hata katika miaka ya 1940 soko la mashine zilizotumika lilikuwa limeshachangamka.

Mfano mkubwa wa vifaa vya mtumba magharibi mwa Tanganyika ni mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1947 hadi 1951, ambao mojawapo ya maeneo yake matatu lilikuwa Urambo, kwenye Reli ya Kati kati ya Tabora na Kaliua. Mengine yalikuwa Kongwa na Nachingwea. Matrekta na matingatinga mapya hayakupatikana, hivyo waendeshaji walinunua yaliyobaki vitani, na hata vifaru vya Sherman vilibadilishwa kuwa matrekta. Mashine nyingi zilifika zikiwa zimechoka na kuharibika haraka porini kuliko karakana zilivyoweza kuzitengeneza. Mradi ulipofutwa, uliacha fundisho ambalo wanunuzi wa mashine kuukuu hulikumbuka mpaka leo: bei ndogo ya kununulia haina faida ikiwa kipuri hakipo na fundi hayupo.

Mafundi wenyewe walikuwa wachache. Katika shirika la East African Railways and Harbours, lililoundwa mwaka 1948, usimamizi ulikuwa wa Wazungu, kazi nyingi za ufundi stadi zilishikwa na Wahindi, wakiwemo Masingasinga, na Waafrika wengi walianza kama wasaidizi. Wengi walijifunza kwa kutazama, wakishika taa na kufagia machicha ya chuma mpaka walipokabidhiwa kisu. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilizoanza katika miaka ya 1950 ndizo zilizofungua njia ya kujifunza kazi hiyo darasani.

Mgodi kufungwa, vipuri kuadimika

Mgodi wa Mukwamba ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki, na mji haukuhamwa kama ilivyotokea kwa miji mingi ya migodi. Treni iliendelea kubeba abiria, mbao, asali, tumbaku na mahindi. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi wakimbizi walipewa ardhi wilayani Mpanda, kwanza Katumba na baadaye Mishamo, na makazi hayo yakawa maeneo makubwa ya kilimo. Malori, matrekta, mashine za kusaga na za kukoboa viliongezeka, na kila kimoja kilileta kazi ya kuchonga.

Wakati huohuo vipuri viliadimika nchi nzima. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vikamaliza akiba ya fedha za kigeni. Mwenye mashine ya kusaga hakuweza kuagiza shafti hata akiwa na shilingi mkononi, kwa kuwa kibali cha fedha za kigeni hakikupatikana. Ndipo mchonga vipuri alipokuwa mtu wa kutafutwa, na kipande cha shafti ya lori lililokufa kikawa mali ghafi.

Serikali ilijaribu kutatua tatizo kwenye mzizi wake kwa kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Huko Mang'ula, Kilombero, karakana iliyotumika wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA iligeuzwa kuwa kiwanda cha mitambo na vipuri. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilijengwa Machame, wilayani Hai, kwa msaada wa Bulgaria, ili kitengeneze makerezo na mashine za kutobolea chuma nchini. Viwanda hivyo vilizaliwa katika kipindi kigumu. Chuma na vifaa vya kuagiza vilihitaji fedha zilezile za kigeni ambazo hazikuwepo, na wanunuzi wakubwa, yaani mashirika ya umma, walikuwa wakiishiwa. Mashine zao hazikutosha kuziba pengo, na kerezo la kikoloni likaendelea na kazi.

Milango ya mtumba kufunguka

Hali ilibadilika kuanzia mwaka 1984, wafanyabiashara waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Katika miaka ya 1990 ubinafsishaji ulifuata, na mali za mashirika mengi ya umma zikauzwa. Viwanda, mashamba ya mkonge na vinu vya pamba vilikuwa na karakana zao, na makerezo yao yaliingia sokoni moja moja au kwa jumla. Fundi aliyepunguzwa kazini aliweza kukutana mnadani na mashine ileile aliyoisimamia kwa miaka.

Njia ya pili ilitoka Ulaya. Viwanda vya Uingereza vilipohamia kwenye mashine zinazoongozwa na kompyuta, na shule na vyuo vilipofunga karakana zao, makerezo mengi madogo na ya kati, kama Colchester Student, yaliuzwa kwa bei ya chini. Mengine yalisafiri kwa makontena hadi Dar es Salaam pamoja na injini na magari yaliyotumika. Mashirika ya hisani nayo yalichangia kwa kiwango kidogo. Tools for Self Reliance ya Uingereza, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikusanya na kukarabati vifaa vya mkono na kuvituma kwa mafundi wa Tanzania. Njia ya tatu ilikuwa India, ambako viwanda vidogo vya Punjab na Gujarat vilikuwa vikitengeneza makerezo mepesi ya mkanda kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza.

Kulikagua kerezo kuukuu

Ujuzi wa kununua ulikua pamoja na biashara. Kitu cha kwanza kuangaliwa ni kitanda, yaani ule mhimili mrefu wa chuma cha kusubu ambao kibebea kisu huteleza juu yake. Kwa kuwa kazi nyingi ni fupi na hufanyika karibu na chaki, yaani kishikio chenye meno kinachobana kipande na kukizungusha, kitanda hulika zaidi upande huo. Mkaguzi hukisogeza kibebea kisu hadi karibu na chaki, hukaza skrubu zake mpaka kisilegee, kisha hukisukuma kuelekea mwisho wa kitanda. Kikikwama njiani, kitanda kimelika, kwa sababu sehemu ambayo haikutumika sana bado ni nene. Rangi mpya haisemi lolote kuhusu hali hiyo, na mara nyingine hupakwa ili kuificha.

Jaribio la pili ni kuchonga. Nondo nene yenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 hufungwa kwenye chaki na kuchongwa kwa mkupuo mmoja, halafu hupimwa kwa maikromita kwenye ncha zote mbili. Tofauti ya sehemu mbili za mia za milimita inavumilika. Ikifika sehemu moja ya kumi, mashine bado inafaa kwa puli na boliti, lakini mahali pa kukalia beringi patahitaji fundi anayejua kuufidia upungufu wake kwa mkono. Baada ya hapo mashine huachwa izunguke nusu saa, kisha kichwa chake, penye beringi na gia, hushikwa kwa kiganja. Joto kali au mlio wa kusaga huashiria beringi zilizochoka au gia zilizovunjika meno.

Kosa linalogharimu zaidi ni kusahau gia za kubadilishia. Makerezo ya Kiingereza ya zamani yana skrubu ndefu iliyopimwa kwa inchi, wakati boliti nyingi zinazouzwa Tanzania sasa ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, hivyo kukata nyuzi sahihi za milimita kwenye skrubu ya inchi kunahitaji gia yenye meno 127. Kerezo likiuzwa bila gia hiyo, litakata vizuri nyuzi za Whitworth, kipimo cha Kiingereza cha mwaka 1841 chenye pembe ya nyuzi 55, lakini halitatoa nyuzi sahihi za milimita, ambazo pembe yake ni nyuzi 60. Kwa mafundi wanaotengeneza mitambo ya kale, uwezo wa kukata Whitworth ni faida, kwa kuwa boliti hizo hazipatikani madukani.

Umeme nao huamua. Mota nyingi za makerezo hutumia umeme wa njia tatu. Mashine ya Uingereza au India huzunguka kwa kasi yake ya kawaida kwa sababu nchi hizo, kama Tanzania, hutumia hezi 50. Mota ya Marekani iliyokusudiwa hezi 60 hupungua kasi kwa moja ya sita. Katavi ilikaa nje ya Gridi ya Taifa kwa miaka mingi na kutegemea majenereta ya dizeli, hivyo muundo wa kale wa puli za ngazi na mkanda bapa ulikuwa na faida yake, kwa kuwa mashine ya namna hiyo inaweza kuendeshwa hata na injini ya dizeli kama ile ya mashine ya kusaga.

Mashine ikinunuliwa, safari huanza. Kerezo la kati lina uzito wa kati ya nusu tani na tani mbili, na sehemu kubwa ya uzito iko juu, upande wa kichwa, kwa hiyo hupinduka kirahisi. Kibebea kisu husukumwa hadi mwisho ili kusawazisha uzito, sehemu zinazong'aa hupakwa grisi, na mashine hukalishwa juu ya magogo. Ikifika husawazishwa kwa pimamaji juu ya sakafu ya zege. Kitanda kikipinda kidogo tu kwa sakafu mbovu, kerezo zima litachonga mshazari, na mnunuzi ataanza kulaumu mashine isiyo na kosa.

Bei mbili za mashine moja

Kerezo kuukuu lina bei mbili. Ya kwanza ni ya kilo, inayotolewa na wanunuzi wa chuma chakavu, biashara iliyokua sana viwanda vya kuyeyusha chuma vilipoongezeka nchini. Kwa bei hiyo kerezo lililochoka na gunia la nondo zilizopinda ni kitu kimoja. Ya pili ni bei ya kazi, inayohesabiwa kwa vipuri ambavyo mashine inaweza kuchonga kwa mwezi. Pale vipuri vipya vilipo karibu, bei ya kazi hushuka mpaka ikakaribia ile ya kilo, na mashine huvunjwa. Pale vilipo mbali, bei ya kazi hubaki juu. Makerezo ambayo mjini yangeishia kwenye tanuri yana nafasi ya kuishi zaidi mwisho wa reli.

Katavi kazi haijakosekana. Wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakiwemo wa machimbo ya Dirifu karibu na Mpanda, husaga mawe kwa makarasha ambayo shafti, bushi na puli zake huliwa na vumbi la mawe kila siku. Mashine za kukoboa mpunga na za kusaga nafaka, na powatila za wakulima, huleta kazi ndogo ndogo zisizokwisha. Kwa kazi hizo mafundi hupendelea kerezo lenye pengo kwenye kitanda karibu na chaki, mtindo uliopendwa na watengenezaji wa Kiingereza, kwa kuwa pengo hilo huruhusu puli pana kuzunguka ambayo isingeingia kwenye kerezo la kawaida. Chaki ya meno manne nayo hutafutwa kuliko ya meno matatu, kwa sababu hushika hata kipande kilichovunjika na kupoteza umbo.

Umbali unapopungua

Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012, ikitengwa na Rukwa, Mpanda ikawa makao makuu, na miundombinu ikaanza kuufuata mji. Lami iliiunganisha Mpanda na Tabora kupitia Sikonge. Laini ya umeme ya kilovolti 132 ilijengwa kutoka Tabora ili kuuingiza mkoa kwenye Gridi ya Taifa, na bandari ya Karema kwenye Ziwa Tanganyika ikajengwa kwa ajili ya mizigo ya Kongo. Mafunzo nayo yamesogea. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina chuo Mpanda, na mfumo wake wa kurasimisha ujuzi humwezesha fundi aliyejifunza kwa kutazama kupimwa na kupewa cheti.

Mabadiliko hayo yanagusa msingi wa thamani ya kerezo kuukuu. Beringi na bushi za karasha zilizotoka China hufika kwa basi au lori kwa siku chache, mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko kuchonga, na makerezo mapya ya China yanashindana na ya mtumba kwa bei. Kazi ya kuchonga kipuri cha kawaida itazidi kupungua. Kinachobaki ni kile ambacho duka haliwezi kuuza: shafti ya mtambo ambao kiwanda chake kimefungwa, nyuzi za kipimo kilichoachwa, kujaza na kuchonga upya shimo lililolika. Kwa kazi hizo kerezo zito la miaka ya 1950 lenye kitanda kizima na gia zake zote bado linamlipa mwenye kulinunua, na hapo ndipo soko lake lilipojikita.